Kichwa cha Rudi Nchi

Mlango unaotazamana na wangu, hapa kwenye jengo letu la Markham Road, Toronto, ni wa Kirimi na mkewe Wamaitha. Kirimi ni Mmeru mwenye miaka sitini na kidogo, miguu imepinda kwa nje kama mkasi ulioachwa wazi, na kazi yake ni kufua mashuka ya hospitali kwenye kiwanda kikubwa cha dobi huko nyuma ya reli. Jina lake watu hawalitumii. Wanamwita Rudi Nchi. Mgeni akilisikia hudhani ni mtu wa makaratasi mabaya, uhamiaji wanamsaka. Wala. Jina hilo ni la timu ya mpira, na kabla hujacheka ngoja nikueleze, halafu tutacheka pamoja.

Alipokuwa kijana, enzi zile Wabulgaria walipokuwa wakigawa nafasi za masomo kwa Waafrika, Kirimi alipelekwa kwao kusomea madini. Wakamtupa mji unaoitwa Sivo Dol, mji wenye mgodi mmoja, kanisa moja lililofungwa, na timu moja iliyokuwa ligi ya tatu. Timu iliitwa Rudnichar, maana yake mchimba mgodi. Kirimi alipotutamkia sisi tukasikia Rudi Nchi, na hatukutaka kusikia kingine.

Timu yenyewe, kwa alivyosimulia Kirimi, na kwa nilivyoongeza mimi kila nilipoona chumvi imepungua, ilianzishwa na wachimba makaa pamoja na kinyozi mmoja aliyekuwa na filimbi. Kwa kuwa kinyozi ndiye mwenye filimbi, ndiye akawa mwenyekiti, kocha na refa, na timu haikufungwa nyumbani mpaka alipokufa. Mpira wa kwanza ulishonwa kwa ngozi ya punda aliyefia mgodini. Ukipigwa sana ulikataa kwenda, unasimama palepale mpaka ubembelezwe. Mwanzo timu iliitwa kwa jina la mtoto wa mfalme. Mfalme akaondoka, wakubwa wapya wakaipa jina la tarehe ya mapinduzi yao, hata mchezaji akiulizwa anachezea wapi, anajibu kama aliyeulizwa siku ya kuzaliwa. Baadaye ndipo ikawa Rudnichar.

Uwanja ulikuwa juu ya mashimo ya mgodi. Kila mwaka kona moja ilizama kidogo, mpaka golikipa wa upande ule akawa haoni goli la pili, anasikia shangwe tu na kukisia. Jumapili moja mpira ulitumbukia kwenye ufa karibu na bendera ya kona. Ulitokea Jumanne chini mgodini, mchimbaji akaupiga kichwa ukarudi juu, na refa, ambaye alikuwa bado anasubiri, akasema mchezo uendelee. Hii Kirimi anaikana. Mimi naiamini.

Lakini hii nyingine haikani, wala mimi sijaongeza kitu. Alhamisi moja mgodi uliporomoka, ukachukua ubavu wote wa kushoto wa timu: beki, kiungo na winga. Ligi ikasema msipocheza Jumapili mnakatwa pointi. Wakazika Jumamosi, wakacheza Jumapili. Pengo la winga ndilo walilompa Kirimi, kwa sababu walimwona akikimbilia basi. Wakamletea viatu vya marehemu vikiwa bado na udongo wa mechi iliyopita. Vilimbana vidoleni. Ndivyo mtu wetu alivyoingia mpira wa Ulaya.

Sasa tuje huku. Kila kiangazi sisi wa Kiswahili hapa Toronto tuna kombe letu. Wakenya wa Scarborough tuna timu, Wakongo wa Mount Dennis wana yao, na vijana wa Unionville, wajukuu wa Wahindi wenye maduka wa Kisumu na Mwanza, wana yao na jezi safi kuliko zetu. Kocha wetu wa zamani alihamia Alberta. Kirimi akautaka ukocha ule. Nikisema aliutaka sijui kama unanielewa. Mtu aliyefua damu na mikojo ya watu miaka yote hiyo bila kuomba chochote, aliomba hicho kimoja. Wamaitha aliniambia kwamba usiku alikuwa akipanga vijiko mezani, kijiko huyu beki, uma huyu mshambuliaji, mpaka asubuhi yeye anakosa cha kukorogea chai.

Mwenye kauli alikuwa Festus, mwenyekiti wa timu, mtu wa kompyuta za benki, anayevaa tai hata akishusha takataka. Baada ya ibada, kwenye chumba cha chini cha kanisa, watu wakiwa na chai na mandazi, Kirimi akasimama.

"Mwenyekiti, mimi nimecheza Ulaya. Nipeni vijana."

"Ulaya gani, Mzee?" Festus akauliza. "Ile ya kwenye ramani?"

"Bulgaria. Rudnichar ya Sivo Dol."

"Rudi Nchi tumeitafuta kwenye simu, Mzee wangu. Sasa hivi inacheza na vijiji, refa anakuja kwa baiskeli. Kabla ya hapo ilinunuliwa na mfuga kuku akaiita Kuku wa Dhahabu, ikafa, wakaifufua. Picha za zamani tumeziona, wote weupe, wote na masharubu. Wewe ulikuwa sharubu lipi?"

Watu wakacheka hadi chai ikaingia puani. Mtu mmoja akasema, "Alikuwa kuku!" Kirimi akakaa. Wamaitha akamsogezea andazi, hakuligusa.

Hapo ndipo Nyaboke, nesi wetu, mtu mwenye huruma na haraka, akadakia. Alisema kwenye makao ya wazee anakofanya kazi kuna mzee mpya, Mbulgaria, kiharusi kimemchukua ulimi na upande mmoja wa mwili. Ukutani kwake kuna skafu nyeusi na kijani yenye picha ya sururu. "Na ni mgumu huyo," Nyaboke akasema. "Ukimuuliza unataka supu, anatikisa kichwa. Ukiiondoa, anakutolea macho kama umemuibia. Ukimuuliza umeshiba, anaitikia vizuri kabisa, halafu anaitazama sahani inavyoondoka mpaka mlangoni. Amekonda, maskini. Binti yake ni dereva wa lori, huko majimbo ya magharibi, haji mpaka wiki zipite."

"Anaitwa nani?" Kirimi akauliza, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya mvulana.

"Velichko."

"Golikipa wetu!"

Kirimi alitaka kwenda peke yake. Festus akasema la, twende sote, shahidi si amepatikana. Jumamosi tukajaa kwenye gari lake: Festus, Kirimi na suti yake ya harusi, Wamaitha, na mimi. Mimi sikualikwa. Nilikaa kwenye kiti cha mbele kabla hawajashuka, nikafunga mkanda.

Nyaboke, aliyekuwa zamu, akatuingiza chumbani. Mzee Velichko alikuwa mtu mkubwa aliyepungua, ngozi imebaki ya yule wa zamani. Mkono mzima ulikuwa juu ya blanketi, mpana kama sinia. Kirimi akainama. "Bai Velichko," akasema, maana yake kaka mkubwa, kisha akaongeza maneno ya Kibulgaria, mengi, ya haraka. Mzee alimtazama. Uso ukaanza kuiva kuanzia shingoni. Ule mkono ukajikunja ngumi.

"Mzee Kirimi, rudi nyuma," Festus akasema. "Nitauliza mimi. Nyaboke, anaelewa Kiingereza?"

"Polepole."

Festus akamwinamia na kuuliza kama mtu anayemwita paka chini ya kitanda: "Huyu. Aliwahi. Kuchezea. Timu yenu?"

Velichko hakuondoa macho kwa Kirimi. Akatikisa kichwa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Taratibu, kwa uchungu.

"Haya," Festus akasema.

"Ngojeni!" Kirimi akaruka. "Amesema ndiyo! Kwao hii ni ndiyo!"

Festus akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko.

"Kwao vichwa vinakwenda kinyume, nawaambia! Hivi ni ndiyo, na hivi, juu chini, ni hapana!"

"Na mkifiwa mnapiga vigelegele?"

"Festus, nakuapia."

"Na mkifungwa mnapewa kombe? Subiri, tumuulize lingine." Akainama tena. "Mzee. Huyu mtu. Ni mwongo?"

Velichko akaitikia kwa kichwa. Juu, chini. Juu, chini. Kisha akageuza uso na kutema mate, yakashuka kwenye kidevu chake mwenyewe, Nyaboke akayafuta.

"Amesema mimi si mwongo!" Kirimi akapiga kelele. "Mnamwona? Amesema si mwongo!"

Mimi nilicheka nikashika kitanda cha watu nisianguke, kumbe nimebonyeza kitufe, kitanda kikaanza kuinuka na mgonjwa, mzee anapanda juu taratibu na ngumi yake kama anayekuja kutoa hukumu mbele ya mahakama. Festus alilazimika kutoka nje. Nilimsikia ukumbini akijipigapiga kifua.

Wamaitha hakucheka. Alichukua mkoba wake, akaenda kusimama kituo cha basi, kwenye upepo, na tulipopita na gari kumchukua akakataa kuingia. Aliniambia baadaye alichomwambia mumewe jikoni. Alimwambia, "Baba Kagendo, mimi ulinioa kwa hadithi hiyo. Ulikuwa huna ng'ombe, huna shamba, ulikuwa na goli la Bulgaria." Kirimi akaeleza tena mambo ya vichwa. Wamaitha akafungua bomba la maji ili asisikie.

Jumapili Festus akajitangaza kocha, na akanunua filimbi.

Wiki zikapita, binti wa mzee akarudi na lori lake. Anaitwa Tsonka, mwanamke wa mabega, anaongea kama anayeshindana na injini. Alikaa na babake saa ya chakula. Nyaboke akaingia na sinia, akauliza kama kawaida, utakula supu? Mzee akatikisa kichwa. Nyaboke akageuka na sinia lake.

"Unakwenda wapi?" Tsonka akauliza.

"Amekataa."

"Amekataa nini? Amesema ndiyo!"

Nyaboke anasema alisimama na lile sinia mpaka supu ikapoa. Kumbe ni kweli. Kwao ndivyo walivyo, kichwa cha ndiyo huenda pembeni na cha hapana huenda juu chini, na mzee wa watu alikuwa akiomba supu tangu siku aliyofika, na kila alipoiomba iliondoka. Akiulizwa umeshiba, anasema sijashiba, na sahani inachukuliwa. Ukimkuta Nyaboke leo ukamtajia supu, anabadilisha njia.

Alipopata pumzi akamuuliza Tsonka juu ya Kirimi. Tsonka alipiga paja. "Mwafrika wa winga ya kushoto! Baba alimlaani kila Krismasi!"

Hayo yote Nyaboke alikuja kuyamwaga pale chumba cha chini cha kanisa, mbele ya watu, kwa nia njema. Alianza na kichwa. Aliposema "Kirimi alikuwa akisema kweli, alicheza," Kirimi alisimama, akafunga kifungo cha koti. Wamaitha akamshika mkono kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya makao ya wazee. Ningeweza kumfunga Nyaboke mdomo hapo kwa andazi, lakini nilitaka kusikia mwisho.

"Tena babake Tsonka anamkumbuka vizuri," Nyaboke akaendelea. "Mechi ya mwisho ya msimu. Walikuwa wakihitaji sare tu wasishuke. Kirimi ndiye pekee aliyeweza kupandisha mpira kule kwenye mwinuko. Kocha akamwita pembeni, akamuuliza, umechoka?"

Kirimi akafungua kile kifungo.

"Hakuwa amechoka. Akatikisa kichwa, hapana, kama tunavyotikisa sisi. Kocha akaona amesema ndiyo, nimechoka. Akamtoa. Alikuwa ameshakaa nao miaka, anajua vichwa vyao, lakini pale kwenye joto la mchezo kichwa kikarudi Meru. Wakafungwa. Timu ikashuka, na haikupanda tena."

Hii sehemu Kirimi hakuwahi kuisimulia, si kwetu, si kwa mkewe. Festus ndiye aliyeanza, akiongea polepole, anayaonja maneno.

"Kwa hivyo ni kweli alicheza."

"Kweli," Nyaboke akasema.

"Na ndiye aliyeizamisha."

"Lakini si kwa kutaka..."

"Mzee wangu," Festus akamwambia Kirimi, "afadhali ungekuwa mwongo."

Wale waliocheka mara ya kwanza wakacheka tena, na waliomhurumia wakajiunga nao. Tangu siku hiyo ukimuuliza mtu yeyote wa kanisa letu kama amechoka, anatikisa kichwa na kuanguka chini. Hata watoto wadogo wanaojibu Kiswahili kwa Kiingereza, huo mchezo wanaujua.

Kuna moja nimelisahau. Tsonka alimuuliza babake, kwa lugha yao, kama angependa Kirimi aje kumtembelea, wazungumze ya zamani, wafe wakiwa wamepatana. Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu zake zote, juu chini, juu chini. Na sasa nyote mnajua maana yake.

Kombe likaanza. Wakongo wa Mount Dennis walitufunga mpaka aliyeshika ubao wa magoli akaanza kuandika upande wa nyuma. Festus alipuliza filimbi yake hata pasipohusika, vijana wakawa wanasimama wakidhani ni refa. Mechi ya pili, Unionville. Walipotufikisha pabaya, Rehmat, bibi yao mmoja mzaliwa wa Mwanza, alisimama kwenye kiti chake cha kukunja akawapigia kelele wajukuu, "Basi jamani! Wana wazazi wao hapa!" Hiyo iliniuma kuliko magoli. Na muda wote ule Kirimi alikuwa ameshika uzio, ananong'ona peke yake, "Kushoto pako wazi. Kushoto pako wazi, kwa nini hawaoni?"

Ilibaki mechi moja. Jumamosi mchana nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, mlango wazi kama kawaida, nikaona lifti inamtoa Festus. Tai imelegea. Akabisha kwa Kirimi.

"Shosho, hujambo," akaniambia mimi bibi kizee, bila kunitazama.

"Sijambo. Wewe ndiye hujambo?"

Kirimi akafungua. Nyuma yake niliona meza ya jikoni, na vijiko vimepangwa.

"Mzee wangu," Festus akasema, "maneno yalikuwa mengi. Utani ni utani. Vijana wamekataa kuja kesho kama si wewe. Nimekuja kwa miguu yangu. Utatufundisha?"

Ungeuona uso wa Kirimi hapo! Ulifunguka kama dirisha. Kisha taratibu ukajifunga. Akamtazama Festus usoni, sawasawa kama Velichko alivyomtazama yeye, na akatikisa kichwa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia.

Festus akashika tai yake. "Hiyo... ni ya huko, au ni ya kwetu?"

Kirimi akatikisa tena. Kushoto, kulia.

"Muulize vizuri, Festus," nikasema. "Mwambie, Mzee, ni ndiyo ya Kibulgaria?"

Na angeuliza, yangekwisha. Lakini kuuliza hivyo ni kukiri mbele yangu, mimi ambaye neno halilali kwangu, kwamba pale kitandani pa mgonjwa, mwerevu alikuwa nani na mjinga alikuwa nani. Akaipandisha tai mpaka kooni.

"Tumeelewa, Mzee," akasema. Akarudi kwenye lifti, akabonyeza, ikamchukua.

Wamaitha akatoka mbio na taulo mkononi. "Baba Kagendo! Umemkataa? Na vijiko vyote vile?"

"Sikumkataa. Nimekubali."

"Sasa si useme! Fungua mdomo, mwite!"

"Mdomo niliufungua siku ile," Kirimi akasema. "Leo akitaka atafute maana mwenyewe."

Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini akitazama taa ya lifti, namba zinashuka mpaka chini kabisa, zikatulia. Muda ukapita. Zikaanza kupanda. Kirimi akachomeka shati lake vizuri kwenye suruali, akapitisha kiganja kichwani. Wamaitha akarudi ndani upesi, nikasikia sufuria ya chai inawekwa jikoni, na vikombe, tena vile vya wageni.

Lifti ikafunguka. Ndani mlikuwa na mama mmoja wa ghorofa za juu na kapu la nguo.

"Unapanda?" akamuuliza.

Kirimi akachungulia nyuma ya kapu lake. Kisha akatikisa kichwa.

Yule mama akabonyeza kitufe, mlango ukajifunga. Yeye alimwelewa mara moja.